Mfuko wa Kulalia Mlimani

Hapa Mangapwani shuka moja latosha usiku. Lakini kijana wako akienda Kilimanjaro kupanda, au kuchukua mizigo ya wageni, ajue ya kuwa kila mita 1,000 za kupanda hewa hupoa yapata digrii 6. Kituo cha Kibo, yapata mita 4,700, maji huganda usiku. Baridi ya namna hiyo yaweza kuua.

Basi, mchagulieni mfuko wa kulalia kwa akili. Kwanza, tazameni digrii zilizoandikwa: fuateni ile ya kulala kwa raha, si ile ya mwisho wa kuvumilia. Pili, kipimo: ukiwa mpana mno, mwili huchoka kupasha hewa tupu, ukibana, manyoya husongamana, joto likapungua. Aingie, anyooshe miguu, ajigeuze. Tatu, manyoya ya bata ni mepesi, lakini yakilowa hayafai. Yakingwe na mvua. Tena atandike godoro jembamba, kwani ardhi hunyonya joto.

Asiye na fedha za kununua, akodi Moshi. Wazazi, mwombeeni safari njema, lakini kwanza pimeni mfuko wake.