Bingwa wa Nani? Kombe la Dunia na Utabibu wa Ngozi

Kiswahili kina neno moja kwa daktari aliyebobea katika tawi lake na kwa timu iliyotwaa kombe. Wote wawili ni bingwa. Sidhani kwamba walioliteua neno hilo kwa ajili ya madaktari walikuwa na nia ya kufananisha hospitali na uwanja wa mpira. Hata hivyo kufanana kupo, na kunazua swali ambalo ningependa walimu na wanafunzi wa sekondari walitafakari pamoja nami. Timu ikiwashinda wale tu iliokubali kucheza nao, ni bingwa wa nani? Na daktari aliyejifunza maradhi kwa kutazama miili ya sehemu moja tu ya wanadamu, naye ni bingwa wa nini?

Tuanze na mpira, kwa kuwa historia yake inajulikana zaidi. Kombe la Dunia lilichezwa kwa mara ya kwanza Uruguay mwaka 1930, likiwa na timu 13, wala hapakuwa na hata moja iliyotoka Afrika. Misri ilikwenda Italia mwaka 1934, ikafungwa na Hungary mabao 4-2, ikarejea nyumbani baada ya mchezo huo mmoja. Tangu hapo bara letu halikuonekana tena katika fainali mpaka mwaka 1970. Wengi hudhani kwamba sababu ilikuwa udhaifu wa wachezaji wetu, lakini ukisoma kanuni za wakati ule utaona jambo jingine. Kwa fainali za mwaka 1966 huko Uingereza, Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) liligawa nafasi 16 hivi: Ulaya 10, Amerika Kusini 4, Amerika ya Kaskazini na ya Kati pamoja na Karibi 1, na nafasi moja iliyosalia igombewe kwa pamoja na Afrika, Asia na Oseania. Mabara matatu, kiti kimoja.

Nchi za Afrika zilikataa. Ghana ya Kwame Nkrumah ikiwa mstari wa mbele, zilijitoa katika michezo ya mchujo, na fainali za mwaka 1966 zikachezwa bila ya Mwafrika yeyote aliyewakilisha taifa la Kiafrika. Ndipo FIFA ilipoitengea Afrika nafasi yake yenyewe kuanzia mwaka 1970, na Morocco ikaitumia. Nafasi zikawa 2 mwaka 1982, 3 mwaka 1994 na 5 mwaka 1998. Kwa fainali za mwaka 2026 Afrika ilitengewa nafasi 9 za moja kwa moja katika timu 48. Hapana hata moja kati ya hizo iliyotolewa kwa ukarimu. Zilidaiwa.

Wako waliosema, na hata leo wako wasemao, kwamba kuongeza nafasi ni kushusha kiwango. Hupenda kutaja Zaire ya mwaka 1974, iliyofungwa na Yugoslavia mabao 9-0 na kurudi Kinshasa bila kufunga hata bao moja. Ni kweli ilikuwa aibu. Lakini miaka 4 baadaye Tunisia iliifunga Mexico 3-1. Mwaka 1982 Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1. Mwaka 1990 Cameroon ilifika robo fainali, na mwaka 2022 Morocco ilicheza nusu fainali. Mfano wa hapa nyumbani unatosha pia. Timu yetu ya taifa ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980, zilipokuwa za timu 8, kisha ikasubiri miaka 39. Mwaka 2019, fainali zilipopanuliwa kuwa za timu 24, ilirudi na kupoteza michezo yote mitatu. Katika fainali zilizochezwa Januari 2024 ilipata sare mbili. Katika zile zilizoanza Morocco Desemba 2025 ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Kiwango hupatikana kwa kucheza, na asiyeruhusiwa kucheza hana pa kukipatia.

Mambo haya vijana wa mtaani kwetu Tabata wanayajua kwa moyo. Katika vibanda vya kuonyeshea mpira, toka Relini hadi Segerea, utawasikia wakihesabu nafasi za Afrika kama wahasibu. Sijamsikia hata mmoja akiuliza Afrika ina nafasi ngapi katika vitabu vya utabibu. Siwalaumu, kwa maana hakuna aliyewaambia kwamba huko nako kuna mashindano.

Nimechagua utabibu wa ngozi kwa sababu ndani yake jambo hili laonekana kwa macho. Kila mwanafunzi wa baiolojia hufundishwa dalili nne za uvimbe-moto wa mwili, zilizoandikwa na Celsus wa Roma karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Tatu kati ya hizo ni za wanadamu wote. Ya kwanza ni ya ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi damu inayojaa chini ya ngozi haionekani nyekundu waziwazi. Sehemu ile huwa nyeusi zaidi kuliko jirani zake, au huelekea zambarau, au rangi ya kijivu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi akipelekwa kwa tabibu aliyefundishwa kutafuta wekundu, yamkini ataambiwa ugonjwa wake ni mdogo, hali mtoto halali usiku kwa kujikuna. Kosa hapo limo katika kitabu, maana macho ya tabibu yanaona kile yalichozoezwa kukiona.

Kisayansi tofauti yenyewe ni ndogo mno. Seli zinazotengeneza melanini, ile rangi ya ngozi, idadi yake hukaribiana kwa watu wote, awe Mzaramo au mtu wa Norway. Kinachotofautiana ni wingi na ukubwa wa chembe za melanini na jinsi zinavyosambazwa. Lakini juu ya tofauti hiyo ndogo kulijengwa utaratibu mkubwa. Mwaka 1975 daktari Mmarekani, Thomas Fitzpatrick, alipanga ngozi katika madaraja kwa jinsi zinavyoungua na jua, kwa ajili ya kupima kiasi cha mionzi ya kutibia. Madaraja yake ya kwanza yalikuwa manne, na yote yaliielezea ngozi nyeupe. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa daraja la 5 na la 6. Yaani sehemu kubwa ya wanadamu ikabanwa katika viti viwili vya mwisho, na msomaji atakumbuka kile kiti kimoja cha mabara matatu.

Madhara ya mambo haya si ya nadharia. Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaica aliyependa mpira kupita kiasi, alikuwa na kidonda chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, kilichodhaniwa kuwa ni jeraha la uwanjani. Mwaka 1977 iligunduliwa kuwa ni melanoma, saratani ya zile seli za melanini, na mwaka 1981 akafariki akiwa na umri wa miaka 36. Kwa watu weupe saratani hiyo hutokea zaidi kwenye ngozi iliyopigwa na jua. Kwa watu weusi, ambao huipata kwa nadra, hujificha aghalabu kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuambiwa wakague nyayo zao? Na si ngozi peke yake. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Siku hizi kompyuta nazo zinafundishwa kutambua maradhi ya ngozi kwa picha, na picha nyingi zinazotumika ni za ngozi nyeupe.

Tukitazama wanapokutana mabingwa wenyewe, hesabu ni hii. Kongamano la Dunia la Utabibu wa Ngozi lilianza Paris mwaka 1889, na hadi lile la Singapore mwaka 2023 yamefanyika makongamano 25. Miji ya Ulaya imeyaandaa mara nyingi, nayo Amerika, Asia na Australia zimepata zamu zao. Afrika haijapata hata moja, na la 26 lilipangiwa Guadalajara, Mexico, mwaka 2027. Kombe la Dunia lilichukua miaka 80 kufika Afrika, mwaka 2010. Katika jambo hili, mpira umewatangulia madaktari.

Naomba nisieleweke kwamba tunaomba kuhurumiwa. Utabibu wenyewe ndio unaopungukiwa. Mwaka 1872 Moritz Kaposi wa Vienna alieleza saratani ya ngozi aliyoiona kwa wanaume wachache, naye akaiona kuwa ni ugonjwa wa nadra. Huku Afrika ya mashariki na ya kati haukuwa nadra hata kidogo, na watoto pia waliugua; mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuujadili. Ulipozuka Ukimwi na saratani hiyo ikatokea kwa vijana wa New York na California mwaka 1981, Afrika ilikuwa na uzoefu wa miaka mingi nayo.

Aidha, wapo walioanza kudai. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kiko tangu mwaka 1992 Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Utabibu wa Ngozi. Kilianza kwa kuwafundisha matabibu wa wilayani kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa sababu madaktari bingwa walikuwa wachache mno, kisha kikafundisha na mabingwa wenyewe. Hapo napo walikuwapo waliohofia kiwango. Lakini tabibu aliyetoka Moshi hujua mapunye, ukoma na upele jinsi vinavyoonekana kwa watu anaowatibu. Tena anaujua mkorogo na madhara yake, somo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka, ingawa huku Tabata bidhaa zake zimejaa madukani. Kituo hichohicho hutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao jua letu huwaletea saratani wakiwa bado vijana.

Mwaka 2020 mwanafunzi wa utabibu wa mwaka wa pili huko London, Malone Mukwende, mwenye asili ya Zimbabwe, alishirikiana na wahadhiri wake wawili kutoa kitabu cha picha za dalili za maradhi katika ngozi nyeusi na ya kahawia. Alichoka kuuliza darasani, "Na kwa mtu kama mimi itaonekanaje?" Mei 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha azimio la kuyapa maradhi ya ngozi kipaumbele, Ivory Coast ikiwa miongoni mwa nchi zilizolisukuma.

Mukwende alikuwa mwanafunzi, na kazi ya namna yake yaweza kuanzia kidato cha pili. Mwalimu wa baiolojia anapofika kwenye dalili za uvimbe-moto, asiwaruhusu wanafunzi kunakili neno "wekundu" na kugeuza ukurasa. Hapana shaka darasani atakuwamo aliyeumwa na mbu usiku uliopita. Atazamwe mkono wake kwenye mwanga wa dirishani, na kila mwanafunzi aandike rangi anayoiona mahali pale na rangi ya ngozi iliyo pembeni, kisha waandike tena kesho yake. Watabishana. Mmoja atasema kahawia, mwingine hudhurungi, mwingine zambarau, na hapakosi atakayesema damu ya mzee. Mwalimu asahihishe uangalifu wa maelezo yao, rangi awaachie wao.