*WAHUDUMU WA AFYA: TUHESABU NYUMBA WALIZOFIKA*

Ndugu wanachama wa Tawi,

Tunaandaa taarifa ya utekelezaji wa Ilani, na kwenye Kamati ya Siasa umezuka mjadala: tuandike nini kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii? Wapo wanaotaka tutaje idadi ya waliochaguliwa na kupewa mafunzo, tupige picha wakiwa na vizibao, tumalize. Mimi nasema idadi hiyo peke yake haimwambii kitu mwananchi wa Nguvumali.

Mpango wenyewe ni mkubwa na Chama kina haki ya kuusemea. Tarehe 31 Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, aliuzindua jijini Dar es Salaam. Lengo ni wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, wenye mafunzo ya miezi sita. Lakini lengo la idadi ni hatua ya kwanza tu.

Nchi yetu imeshapata funzo hili. Kuanzia mwaka 2011, Taasisi ya Afya Ifakara iliweka wahudumu walioitwa WAJA katika vijiji vya Rufiji, Kilombero na Ulanga. Walifundishwa miezi tisa na walilipwa. Vijiji vyao vikalinganishwa na vingine visivyokuwa nao. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa, kwa ujumla, vifo vya watoto chini ya miaka mitano havikutofautiana. Moja ya matatizo yaliyotajwa ni kuisha kwa dawa. Wahudumu walikuwepo na moyo walikuwa nao, ila mhudumu asiye na dawa hana cha kumpa mtoto mwenye homa zaidi ya pole.

Tazameni na takwimu za taifa. Kati ya utafiti wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Hongera kwa Serikali. Ila kwa wachanga, wale wa chini ya mwezi mmoja, tulitoka 25 tukafika 24 tu. Mama anajifungua salama, anaruhusiwa, anarudi nyumbani, na siku zile za mwanzo ndizo za hatari. Hapo ndipo mhudumu wa mtaa anapotakiwa kubisha hodi.

Kwa hiyo napendekeza kila balozi wa shina alete majibu ya maswali haya matatu:

*1.* Katika nyumba zako, akina mama waliojifungua miezi mitatu iliyopita ni wangapi, na wangapi walitembelewa na mhudumu ndani ya wiki ya kwanza?

*2.* Waliopewa rufaa na mhudumu walifika kituoni? Walipofika, dawa walizikuta?

*3.* Mhudumu mwenyewe analipwa posho yake kwa wakati? Msimamizi wake amekuja kumwona kazini?

Balozi asiulize mtu anaumwa nini. Ugonjwa ni siri ya mgonjwa na mhudumu wake. Sisi tunataka hesabu tu.

Najua hofu iliyopo: majibu yakiwa mabaya tutawapa wapinzani fimbo ya kutuchapia. Ndugu zangu, mama ambaye hakutembelewa anajua hakutembelewa, na jirani zake wanajua. Taarifa yetu tamu haitambadilisha. Tukiwa wa kwanza kusema pengo liko wapi, tuna nguvu ya kumbana diwani na Halmashauri ya Jiji kuhusu dawa na posho. Tukinyamaza, lawama zote zitamwangukia yule binti anayezunguka juani na mkoba wake.

Jambo la mwisho, nalisema wazi ingawa halitawafurahisha wote. Nafasi za uhudumu zinapotangazwa, simu huanza kulia: fulani ni kada wetu, fulani ni mtoto wa fulani. Hapana. Mhudumu ataingia nyumba yenye kadi yetu, yenye kadi ya wengine na isiyo na kadi. Wakazi wamchague kwenye mkutano wao yule wanayemwamini na siri zao, nasi tukae pembeni.

Majibu yaletwe kwa Katibu wa Tawi kabla ya kikao kijacho. Mwenye hoja tofauti anijibu hapa hapa, nitaisoma mbele ya Kamati kama ilivyo.

Kidumu Chama!

_Katibu Mwenezi wa Tawi_
_Nguvumali, Tanga_