Maoni: Gitaa la Mwenda wa Bayeke lirudi nyumbani Lualaba

Kila siku malori ya shaba na kobalti yanatoka Kolwezi, yanapita Likasi na Lubumbashi, yanavuka mpaka wa Kasumbalesa na kuelekea bandari za mbali. Wakaaji wa Lualaba wamezoea kuuliza: kwetu kunabaki nini? Ni swali la haki. Lakini iko mali nyingine iliyotoka katika udongo huu huu, na karibu hakuna anayeuliza ilikwenda wapi. Mali hiyo ni muziki wa gitaa kavu wa Jean-Bosco Mwenda, aliyejiita pia Mwenda wa Bayeke, mtoto wa Bunkeya.

Bunkeya ni mji wa Mfalme Msiri, uliojengwa na Bayeke waliotoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, Bunkeya iko katika jimbo la Lualaba. Mwenda alizaliwa huko mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alimkuta barabarani Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akipiga gitaa lake. Alirekodi nyimbo zake, na mmojawapo, “Masanga”, ulipita mipaka yote. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini aliyesikiliza alidhani ni watu wawili au watatu wanaopiga pamoja.

Mwaka 1959 alikuwa Nairobi, na wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwa kumwiga. Mwaka 1969 alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani. Wataalamu kama David Rycroft na Gerhard Kubik waliandika juu ya namna yake ya kupiga. Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba kumtafuta yeye pamoja na Edouard Masengo na Losta Abelo, kisha akachapisha kitabu juu ya safari hiyo mwaka 1982. Wageni walijua wanatafuta nini.

Halafu ikaja albamu ya uzeeni. Mwaka 1988, akiwa na miaka 58, Mwenda aliingia studio mjini Cape Town na kurekodi upya nyimbo zake. Miaka miwili baadaye alikufa katika ajali ya gari. Albamu ilitolewa na kampuni ya Rounder ya Marekani yeye akiwa tayari kaburini.

Wapo wanaosema kwamba rekodi za 1952 ndizo za kweli, kwa sababu zina moto wa kijana wa miaka 22. Hawakosei kuzipenda. Lakini kwa mtu wa Kolwezi anayetaka kumjua Mwenda leo, albamu ya 1988 ndiyo mlango mzuri zaidi. Mwaka 1952 mgeni mwenye mashine alipita njiani, akachukua alichokikuta. Mwaka 1988 ni fundi mwenyewe aliyeketi na kurudia kazi ya maisha yake, akijua ni wimbo gani umedumu. Sauti imekuwa nzito kidogo, vidole bado vina adabu yao, na kila kamba inasikika wazi. Kijana anayejifunza gitaa anaweza kufuata kidole gumba kinakwenda wapi na kidole cha shahada kinajibu nini.

Tena nyimbo nyingi ziko katika Kiswahili, na ni Kiswahili cha huku: cha makambi ya Union Minière, cha reli, cha soko, cha watu waliotoka pande nyingi wakalazimika kuelewana. Kiswahili hicho mara nyingi kinachekwa na watu wa pwani, na wakati mwingine na wenyewe wanaokisema. Mwenda alikipeleka Nairobi, na kule hawakukicheka, walikiimba.

Sasa tazama njia iliyopita kazi hii. Iliimbwa Katanga, ikahifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki ya ILAM aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ikauzwa Marekani, ikachambuliwa Ulaya. Ni njia ile ile ya shaba: kinachochimbwa hapa kinasafishwa, kinapewa jina na kinapata bei mahali pengine. Tofauti ni moja, na ni ya furaha. Shaba ikiondoka haiwezi kurudi. Wimbo unaweza kurudi bila kumnyang’anya yeyote.

Na imekwisha kufanyika kwingine. Mwaka 2014 maktaba hiyo hiyo ya ILAM, pamoja na washirika wake wa Kenya na Uingereza, ilirudisha kwa Wakipsigis nakala za nyimbo ambazo Tracey alizirekodi kwao mwaka 1950. Wazee waliosikia tena sauti za ujana wao walikuwa bado hai. Kwa upande wa Katanga, waliomjua Mwenda kwa macho wanapungua kila mwaka. Anayesema “tutafanya baadaye” ajue kwamba baadaye kutakuwa na rekodi, lakini hakutakuwa na mtu wa kueleza wimbo huu ulitungwa kwa ajili ya nani na neno lile lilikuwa na maana gani katika kambi.

Watakuwepo wa kusema kwamba mtu wa Kolwezi anahitaji maji, umeme na barabara kabla ya gitaa. Ni kweli, na hakuna albamu itakayojaza ndoo. Lakini kazi hii haishindani na kisima. Tangu Kodi ya madini irekebishwe mwaka 2018, asilimia 25 ya mrabaha wa madini ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya mamlaka za mitaa ambako uchimbaji unafanyika. Kupata nakala za rekodi, kuweka vifaa vya kusikilizia katika Kolwezi na Bunkeya, na kumlipa mwalimu wa gitaa katika shule chache ni gharama ndogo sana mbele ya pesa hizo. Kama jimbo linashindwa hata hilo, tatizo si umaskini.

Hatua ya kwanza ni barua: serikali ya jimbo la Lualaba, ikiwezekana pamoja na Haut-Katanga, iombe rasmi nakala za rekodi. Hatua ya pili ni haki: familia ya Mwenda iketi mezani tangu siku ya kwanza, pamoja na SOCODA, shirika linalosimamia haki za watunzi, ili muziki usirudi nyumbani kwa kuwapita wenye nyumba. Hatua ya tatu ni shule, kwa maana muziki uliofungwa kabatini Kolwezi hauna faida kuliko uliofungwa kabatini ng’ambo.

Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na nchi nzima ilishangilia. Ilistahili. Lakini Kongo haina mto mmoja. Wakati Kinshasa ilipokuwa inajenga rumba yake, watu wa shaba walikuwa na yao, ya mtu mmoja, gitaa moja na vidole viwili. Kinshasa ilipigania chake mpaka dunia ikasikia. Lualaba haijaomba hata nakala.