Reflekta za bei chee: mchana zinang'aa, usiku hazionekani

Pita kwenye barabara yoyote inayojengwa Dar es Salaam utawaona: vizibao vya njano na chungwa, kofia ngumu, na miguuni kila mtu na lake. Huyu ana buti, yule gambuti, mwingine kandambili. Kwa mbali saiti inaonekana iko salama. Ukisogea karibu, mashaka yanaanza.

Tatizo huanzia kwenye oda. Ikiandikwa "reflekta 50, buti 50" basi, mnunuzi akifika Kariakoo atachukua za bei chee, na hajakosea. Karatasi haikumdai zaidi ya hapo.

Rangi ya mchana, mkanda wa usiku

Rangi inayowaka husaidia kukiwa na mwanga wa jua. Giza likiingia, kinachomwokoa kibarua ni ile mikanda ya fedha inayorudisha mwanga wa taa za gari kwa dereva. Kiwango cha EN ISO 20471 kinataka kizibao cha daraja la 2 kiwe na angalau mita za mraba 0.13 za mkanda huo, wenye upana usiopungua milimita 50.

Kitambaa cha kijivu kilichoshonwa kifanane nao hakirudishi mwanga huo. Hata mkanda halisi hufifia ukijaa saruji na vumbi.

Feki nyingi unaweza kuzinasa kwa simu yako. Tundika kizibao gizani, rudi nyuma hatua kumi, piga picha kwa flashi. Mkanda mzuri utatoka mweupe unaowaka. Ukitoka kijivu, rudisha dukani.

Buti ina chuma au muonekano tu?

Kiwango cha EN ISO 20345 kinataka sehemu ya vidole ihimili pigo la jouli 200, karibu sawa na kilo 20 zikidondoka kutoka mita 1. Alama ya S3 inaongeza soli isiyotobolewa kirahisi na msumari.

Saizi nayo ni usalama. Buti zikinunuliwa zote namba 42, wapo watakaozivua saa nne asubuhi, chuma kikabaki kinalinda kona ya stoo.

Nani analipa?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie vifaa kinga wafanyakazi walio kwenye hatari. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi.

Anayeponyoka kirahisi kwenye ulinzi huo ni kibarua wa kutwa. Leo yupo, kesho huenda hayupo, hivyo anaazimwa kizibao na kuambiwa buti aje nazo mwenyewe. Tofali likidondoka halimuulizi mtu kama ana mkataba.

Dawa iko kwenye zabuni: vifaa kinga viwe na mstari wake, vitajwe kiwango, saizi na idadi ya kubadilishia vikichakaa. Vikifichwa ndani ya gharama za jumla, ndivyo vitakavyokatwa kwanza. Zege likipungua, mhandisi ataliona mchana. Mkanda ukipungua, wa kwanza kugundua ni dereva wa usiku, na huenda akagundua akiwa amechelewa.