Mgeni Chuoni Apewe Jembe

Wapo wanaosema kwamba mashindano ya hisani vyuoni ni sadaka yenye tarumbeta: fulana mpya, picha mtandaoni, na maskini anayetajwa kwenye kipaza sauti huku mwenyewe hayupo. Sikatai kwamba hayo hutokea. Lakini tarumbeta halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni orodha ya wanaoshiriki. Mara nyingi mwenye shida huandikwa kwenye orodha ya wapokeaji tu, na mgeni haandikwi popote.

Tazama mfano wa mbali kidogo. Katika mji wa Bloomington, Marekani, kilipo Chuo Kikuu cha Indiana, kuna mbio za baiskeli ziitwazo Little 500. Zilianzishwa mwaka 1951 na Howdy Wilcox Jr. ili kuchangia masomo ya wanafunzi wanaosoma huku wakifanya kazi ya kujilipia. Hushindana timu 33, kila timu ina watu wanne. Wanaume huzunguka uwanja mara 200, umbali wa maili 50, yaani kilomita 80 hivi. Wanawake walisubiri hadi 1988 kupata mbio zao, na wao huzunguka mara 100. Baiskeli ni za aina moja kwa wote, zenye gia moja tu. Kanuni hiyo naipenda: mtoto wa tajiri hawezi kununua ushindi dukani. Tena waendeshaji hupokezana. Mmoja anashuka, mwenzake anadandia, na hapo ndipo wengi huanguka. Kwamba wikiendi hiyo ina ulevi mwingi kila mtu anajua, na sina la kuitetea.

Sasa, mwaka 1962 katika timu iliyoshinda alikuwamo kijana mmoja mzaliwa wa Yugoslavia, Steve Tesich, aliyeingia Marekani akiwa na umri wa miaka 14. Miaka mingi baadaye aliandika filamu juu ya mbio hizo, *Breaking Away*, iliyotoka 1979 na kumpatia tuzo ya Oscar. Ungetegemea mhamiaji aandike juu ya upweke wa mhamiaji. Hakufanya hivyo. Aliandika juu ya vijana wazaliwa wa Bloomington, watoto wa wachonga mawe, wanaodharauliwa na wanafunzi katika mji wao wenyewe. Baba wa mmoja wao alichonga mawe ya majengo ya chuo, na majengo yaliposimama akajiona kama hayamhusu. Mgeni ndiye aliyetambua kwamba wenyeji hao wamefanywa wageni. Nadhani aliweza kuliona hilo kwa kuwa alikuwa ndani ya timu. Angebaki kuwa mtu wa kuhurumiwa, chuo kingemsaidia na kisingepata kitu kutoka kwake.

Kwetu wanafalsafa jambo hili lina sura nyingine tunayoijua. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikuwa mwanafunzi wa kigeni. Alitoka kusini mwa Italia akasoma Paris na Cologne, na kwa ukimya wake wenzake wakamwita Fahali Bubu. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alimwonea huruma, akajitolea kumfundisha somo jioni. Thoma alikubali kwa unyenyekevu. Walipofika mahali pagumu mwalimu huyo akakwama, na Thoma akamfafanulia, hadi yule kijana akaomba wabadilishane nafasi. Baadaye Thoma akafundisha kwamba kutoa sadaka ni tendo la mapendo linalopitia huruma. Nami naongeza langu: huruma isiyoruhusu kubadilishana nafasi haijafika kwenye mapendo.

Turudi nyumbani. Vyuo vyetu vina vijana kutoka Burundi, Kongo, Sudan Kusini, Rwanda na Komoro. Bodi ya Mikopo hukopesha raia wa Tanzania, na sioni kosa hapo, kwani fedha ni za walipa kodi wetu. Lakini maana yake ni kwamba fedha za nyumbani zikichelewa, kijana huyu hana pa kugonga. Katika utume wa Jumapili kwenye chuo kimoja nilifahamiana na kijana wa Burundi aliyekuwa anakula mlo mmoja kwa siku. Wiki hiyohiyo wanachuo walifanya matembezi ya hisani kuchangia kituo cha watoto. Yeye hakuombwa kuchanga wala kutembea. Aliniambia kuwa njaa aliizoea, ila hakupenda kuyatazama matembezi akiwa dirishani.

Najua jibu litakalotolewa: wageni tunawakumbuka, tuna usiku wa tamaduni. Ni kweli, tunawaita wacheze ngoma zao, tunapiga makofi, tunawapa soda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisoma methali hii kama ukali, kana kwamba ni namna ya kumfukuza mtu kwa adabu. Mimi naiona kuwa ni heshima. Anayepewa jembe amepewa na mstari wake shambani, na wakati wa mavuno atakuwa na la kusema. Hayati Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi mwaka 2018, alitaja vitenzi vinne: kupokea, kulinda, kuendeleza na kushirikisha. Sisi tumekwama kwenye cha kwanza, tena kwa soda.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa TMCS, ombi langu ni dogo. Kamati ya matembezi yajayo iwe na mwanafunzi wa kigeni, naye apewe kazi yenye uzito: kushika daftari la fedha, au kuamua pamoja nanyi nani asaidiwe. Mwacheni achange hata kama ni shilingi elfu moja. Halafu tazameni kalenda. Desemba chuo kikifungwa, wengi wao hubaki, maana nauli ya kwenda na kurudi hawana. Familia za jumuiya jirani zinaweza kumkaribisha mmoja mmoja kwa Noeli, lakini zinapaswa kuambiwa mapema, na majina yanapaswa kukusanywa na mtu anayewafahamu. Huyo mtu nadhani mnamjua. Anakaa hosteli ileile mnayopita mkiwa mmevaa fulana.