Mama Kolonel hawezi kufika katika kila nyumba



Wiki hii tunazungumza juu ya mama mmoja wa inchi yetu: Kolonel Honorine Munyole wa Polisi ya Taifa ya Kongo. Watu wanamuita Mama Kolonel. Huko Bukavu alifanya kazi miaka mingi, akiongoza kikosi cha kulinda watoto na kupiganisha ubakaji. Kisha akahamishwa Kisangani kuanza kazi hiyo upya. Mwaka wa 2017 Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa filamu juu yake, Maman Colonelle.

Yeye ni mjane, tena ana watoto. Tunajua maana yake: kufunga mizigo, kubeba watoto, kwenda kuishi katika mji ambako hujulikani.

Kule Kisangani wamama walimletea kidonda cha zamani, ile vita ya siku sita ya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji. Kuna waliobakwa, kuna waliopoteza bwana na watoto, na miaka ilikuwa imepita wakingojea mtu wa kuwasikiliza. Akakuta pia watoto waliopigwa kwa kuitwa walozi. Pesa ya kazi ilikuwa haba. Akatafuta nyumba, akawaweka wamama na watoto pamoja, wasaidiane.

Kwa nini cheo chake kinatugusa? Kwa sababu mambo mengine mama hawezi kuyasema mbele ya mwanaume mwenye bunduki. Mbele ya mama mwenzake atayasema. Na mama huyo akiwa mkubwa wa polisi, neno lake linafuatwa.

Lakini tuseme ukweli. Mara ngapi tumeona jamaa mbili zikikaa, mbuzi akatolewa, binti akaambiwa anyamaze? Nasi tulikuwa pale, tukanyamaza pamoja naye. Mara ngapi mtoto wa jirani ameitwa mlozi, tukafunga mlango? Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza jambo hilo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamfunga mwenye kumsingizia mtoto ulozi mwaka 1 hadi 3.

Mama Kolonel hawezi kufika katika kila nyumba. Sisi tuko karibu. Mtoto au mama akibakwa, tusingoje kikao cha jamaa. Tumpeleke hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa ya kuzuia ukimwi. Nguo alizovaa tusizifue. Kisha tumsindikize polisi, wawili au watatu, asiende peke yake.

Katika mkutano wa wiki hii, kila kikundi kichague wamama wawili wa kazi hiyo ya kusindikiza. Na mabinti wetu wanaosema wanataka kuwa polisi, tusiwacheke.