Mifupa Haisemi Peke Yake

Kwa muda mrefu nimesikiliza wanafunzi wa hapa Mbeya wakitoa rai zao juu ya riwaya za Kathy Reichs, nami nikanyamaza. Leo sinyamazi. Rai hizo ni mbili, nazo zimerudiwa mara nyingi hata zimevikwa mavazi ya ukweli. Ya kwanza yasema kuwa riwaya hizo zapita riwaya nyingine zote za upelelezi kwa sababu mifupa haisemi uongo. Ya pili yasema kuwa hadithi za namna hiyo haziwezi kuandikwa kwa Kiswahili, madhali sisi hatuna maabara kama zile. Naona rai zote mbili ni makosa, na ya kwanza ni kosa la hatari.

Kwanza tumpe mwandishi haki yake. Reichs si mbabaishaji. Ni mwanaanthropolojia aliyechunguza mifupa ya maiti kwa ajili ya polisi na mahakama katika Marekani na Kanada kabla ya kutoa riwaya yake ya kwanza, Déjà Dead, mwaka 1997. Shujaa wake, Temperance Brennan, hufanya kazi hiyo hiyo katika mji wa Montreal. Asomaye hujifunza jinsi nyonga itengavyo mwanamume na mwanamke, na jinsi tundu la risasi iingiapo lisivyofanana na la risasi itokapo. Hayo ni mafunzo ya kweli, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na msomaji afungaye kitabu akiamini kuwa mfupa ni shahidi asiyehitaji kuhojiwa.

Msomaji huyo na apande basi hadi Iringa, kisha aende kiasi cha kilometa 15 mpaka Kalenga. Huko, katika jumba dogo la makumbusho, nyuma ya kioo, atalikuta fuvu la Mtwa Mkwawa. Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijipiga risasi mwezi wa Julai 1898 asije akakamatwa, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulilitaja fuvu hilo katika kifungu cha 246, ukaiamuru Ujerumani ilitoe katika muda wa miezi 6. Halikutolewa.

Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, katika jumba la makumbusho lililokuwa na shehena ya mafuvu. Alilichaguaje moja? Yalitengwa yaliyotoka Afrika Mashariki. Kisha upana wa kila fuvu ukalinganishwa na urefu wake, na hesabu hiyo ikalinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Katika yaliyokaribiana, moja lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo alilokabidhiwa mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi Mkwawa, huko Kalenga tarehe 19 Juni 1954.

Hapa ndipo ningependa kusikia sauti za wasomaji wetu. Je, Temperance Brennan angeuridhia ushahidi huu? Angeuliza: kipimo hiki wanacho watu wangapi wengine? Risasi ziliwaua watu wangapi katika vita vya Uhehe, na tena katika Maji Maji? Fuvu hili lilipita katika mikono ya nani? Na mwenye kutafuta alikuwa na haja gani ya kupata? Twining alikuwa gavana, na miaka ile Kenya ilikuwa ikiwaka moto wa Mau Mau. Serikali iliyotaka utii wa Wahehe haikupenda kurudi kutoka Bremen mikono mitupu. Sisemi kwamba fuvu la Kalenga si la Mkwawa. Nasema kwamba halikujitaja jina, lilitajiwa. Heshima wanayolipa Wahehe ni haki yao, wala haikutoka katika kipimio cha mtu yeyote.

Tena tukumbuke kipimio hicho kilikuwa kikifanya kazi gani. Mafuvu yetu hayakupelekwa Ulaya ili wauaji wao wajulikane. Yalipelekwa ili wanadamu wapangwe madaraja kwa rangi na kabila. Mkusanyo mmoja tu wa Berlin umekuwa na mafuvu 1,135 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na 202 kati yake yametoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Katika riwaya, mwenye maabara ni adui wa mwuaji. Katika historia yetu, aghalabu mwenye maabara alikuwa mteja wake.

Mtu atanijibu kuwa elimu imekua. Kweli imekua. Mwezi wa Septemba 2023 ilitangazwa huko Berlin kuwa vinasaba vya fuvu moja, lililoandikwa neno "Akida", vimepatana kabisa na vya mtu aliye hai hapa Tanzania. Marehemu alikuwa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Walakini angalieni jinsi jibu lilivyopatikana: wazao walitafutwa, wakakubali kupimwa. Mfupa ulinena siku walio hai walipoulizwa. Kabla ya hapo ulikuwa mali ya kabati. Asiyekuwepo na lake halipo.

Sasa rai ya pili. Muhammed Said Abdulla hakuhitaji maabara alipotupa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Alikuwa na Bwana Msa, kiko chake, na akili isiyokubali fununu. Faraji Katalambulla alimfuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Maneno tunayo: fuvu, taya, mbavu, nyonga, uti wa mgongo. Na kisa tunacho: mfalme asiyekubali kukamatwa, kichwa kilichodaiwa na mkataba wa mataifa, gavana apekuaye makabati ya mafuvu. Mgeni angekisoma angesema mwandishi amezidisha chumvi. Tulichokosa ni ujasiri wa kuhoji maiti zilizo zetu. Za wenzetu twazisoma kitandani kwa raha. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Basi mwanafunzi wa Mbeya amalizapo kitabu cha Reichs, na aende Kalenga kabla hajafungua kingine. Asimame mbele ya kile kioo, aulize maswali aliyofundishwa na Montreal. Akirudi asiwe na hamu ya kushika kalamu, ajue kuwa muda wote ule alikuwa akisoma ili apate usingizi.